Nywele, majivu na maji: kinachotokea tunapoacha shampuu

Mapema mwaka huu binti wa dada yangu alifika kwangu, hapa Section 58 mjini Nakuru, akiwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Alipokikunjua mezani, ndani mlikuwa na nywele: vipande vifupi vifupi, vingi havikuzidi urefu wa ukucha, vilivyobaki kwenye chanuo baada ya kuosha kichwa siku ya Jumamosi. Hazikuwa nywele zilizong'oka, kwa maana hakuna hata mmoja uliokuwa na kile kidoa cheupe cha shina. Zilikuwa zimekatika katikati. Alikuwa ameacha kuweka dawa ya nywele mwaka mmoja kabla ya hapo, kisha akaacha na shampuu, na kwa miezi mitatu mfululizo alikuwa akiosha kichwa kwa bikaboneti ya soda iliyokorogwa katika maji ya kisima na kusuuza kwa maji ya ndimu. "Anti," akaniuliza, "si hivi vitu vyote ni vya asili?"

Ni vya asili, naam. Lakini neno hilo hutueleza kitu kimetoka wapi, na halisemi chochote kuhusu kile kitakachofanya kikigusa nywele. Mimi hufundisha kemia, na swali lake lilinifanya niketi naye kwa subira, kwa sababu naona wasichana wengi, na mama zao pia, wakitaka jambo jema kabisa, yaani kupunguza chupa bafuni, kupunguza gharama na kuacha kemikali kali, kisha wanaishia kutumia kemikali kali kuliko zile walizozikimbia, kwa kuwa tu zimetoka jikoni.

Tuanze na unywele wenyewe. Sehemu inayoonekana nje ya ngozi haina uhai. Imeundwa kwa protini iitwayo keratini, na haiwezi kulishwa wala kuponywa na chochote tunachoipaka. Juu yake kuna magamba membamba sana yaliyopangwa kama mabati ya paa, kila moja likifunika kidogo lile linalofuata, na ncha zake zikielekea mwisho wa unywele. Magamba yakilala, unywele hung'aa, chanuo hupita, na unyevu wa ndani hautoki upesi. Yakiinuka, nywele hukwaruzana, hufungana mafundo, na kila fundo likivutwa, kitu hukatika. Moja ya mambo makubwa yanayoyainua na kuyalaza ni kiasi cha alkali au asidi katika maji yanayozigusa.

Kiasi hicho hupimwa kwa kipimo cha pH, ambacho huanzia 0 hadi 14. 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali, na kila hatua moja ni tofauti ya mara kumi. Ngozi ya kichwa hukaa karibu na 5.5, na unywele wenyewe hupendelea asidi zaidi kidogo ya hapo. Siku ile nilitoa karatasi za kupimia ninazotumia darasani, nikamwachia mpwa wangu apime mwenyewe. Bikaboneti ndani ya maji ilionyesha kati ya 8 na 9. Povu la sabuni ya mche tuliyokuwa nayo kando ya sinki lilikaribia 10. Maji ya ndimu yaliigeuza karatasi kuwa nyekundu, kati ya 2 na 3. Ina maana kwamba kila Jumamosi nywele zake zilikuwa zikivimbishwa kwa alkali, magamba yakisimama, zikisuguliwa zikiwa katika hali hiyo, halafu ghafla zikimwagiwa asidi yenye nguvu mara mamia kuliko ile ya ngozi yake. Shampuu aliyoiacha, ambayo chupa yake bado ilikuwa kwa mama yake, tuliipima baadaye ikasoma 6.

Wapo wanaochanganya bikaboneti na ndimu katika kikombe kimoja, wakafurahia linapofura povu. Povu hilo ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka wakati alkali na asidi zinapomalizana. Likishatulia, kinachobaki ni maji yenye chumvi chumvi, na uwezo wake wa kusafisha ni mdogo sana.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu sisi wa magharibi mwa Kenya tunalijua jambo hili vizuri kuliko tunavyodhani. Yeyote aliyelelewa Vihiga au Kakamega anaijua musherekha. Mama yangu huchoma maganda makavu ya maharagwe mpaka yawe majivu meupe, huyatia katika chombo kilichotobolewa matundu madogo chini, humimina maji juu polepole, na kinachodondoka katika sufuria ya chini ni maji ya rangi ya chai, yenye utelezi yanapoguswa kwa vidole. Kijiko kimoja cha maji hayo katika chungu cha mrenda au kunde hulainisha mboga ngumu kwa muda mfupi. Kilichomo ni kaboneti ya potasiamu, ambayo ni alkali. Utelezi ule unaousikia vidoleni ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yakianza kugeuka sabuni. Ndiyo maana mama alituonya tangu utotoni tusichezee chombo hicho na tusijiguse macho.

Na sabuni haikuanza mbali na hapo. Chukua alkali ya majivu, ichemshe pamoja na mafuta ya wanyama au ya mimea, nawe utapata sabuni. Sehemu nyingi za dunia ziliigundua kwa njia hiyo kabla ya kuwapo kiwanda chochote. Sabuni nyeusi ya Afrika Magharibi, ambayo siku hizi inauzwa hata katika maduka ya Nakuru na Kisumu ikisifiwa kwa uasili wake, hutengenezwa kwa majivu ya maganda ya ndizi au ya kakao pamoja na mafuta ya mawese au ya shea. Ni sabuni nzuri kwa kazi ya sabuni. Lakini sabuni ya kweli, iwe nyeusi, nyeupe, ya mche au ya kutengenezwa kwa mikono na kufungwa kwa kitani, haiwezi kuwa na pH ya ngozi. Ukiishusha hadi 5.5 inavunjika na kurudi kuwa mafuta. Anayeosha nywele kwa sabuni ya asili anaziosha kwa alkali. Akiwa na kichwa kilichonyolewa, kama wanafunzi wetu wengi, hilo halina neno kubwa, kwa kuwa unywele hauishi muda wa kutosha kuharibika. Akiwa na nywele ndefu, ni jambo la kufikiriwa.

Halafu kuna maji, ambayo watu huyasahau kabisa. Sabuni ikikutana na kalisiamu au magnesiamu iliyoyeyuka katika maji, hutengeneza uchafu mweupe usioyeyuka, ule unaobaki kama utando kwenye beseni, na utando huohuo hubaki kichwani ukazifanya nywele ziwe nzito na zisizong'aa. Maji ya namna hiyo huitwa maji magumu. Nchini mwetu tunayo maneno "maji ya chumvi" ambayo hutumika kwa maji yoyote ya kisima yenye ladha, nayo yanachanganya mambo mawili tofauti. Visima vingi vya Bonde la Ufa havina kalisiamu nyingi. Tatizo lake ni bikaboneti ya sodiamu, yaani ileile bikaboneti ya soda, ambayo hutoka katika miamba ya volkano. Ziwa Nakuru lenyewe, ambalo ni la magadi, lina pH inayokaribia 10. Kwa hiyo mpwa wangu, aliyekuwa akikoroga bikaboneti katika maji ya kisima, huenda alikuwa akiongeza alkali juu ya alkali. Kisumu hali ni nyingine: sehemu kubwa ya maji ya mfereji huvutwa Ziwa Victoria, pale Dunga, na maji ya ziwa hilo ni laini, hayana madini mengi. Mtu anaweza kuhama kutoka Nakuru kwenda Kisumu na kuona nywele zake zinabadilika bila kubadilisha kitu kingine chochote, akasifu mafuta mapya aliyonunua sokoni Kibuye, kumbe kilichobadilika ni maji.

Kujua maji yako ni ya aina gani hakuhitaji maabara. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, itie maji hadi theluthi, kwangulia humo vipande vidogo vya sabuni ya mche, funga na utikise kwa nguvu. Povu likijaa na maji ya chini yakabaki maangavu, maji ni laini. Povu likiwa dogo na maji yakageuka kama maziwa yaliyoganda, ni magumu. Ukifanya hivyo kwa maji ya mvua kandokando, utaona tofauti waziwazi. Maji ya mvua hayana madini karibu yoyote, na Kakamega, ambako mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, hayo ndiyo maji yanayopaswa kufika kichwani kabla ya mengine yote, mradi mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ioshe paa kwanza.

Sasa turudi kwenye shampuu yenyewe. Hadi miaka ya 1930 watu wengi hata Ulaya na Marekani waliosha nywele kwa sabuni, nao walisumbuliwa na utando uleule. Shampuu za leo zilitokana na visafishaji vilivyobuniwa ili visigandane na madini ya maji na viweze kutengenezwa kwa pH ya chini. Kinacholalamikiwa zaidi ni lauriti salfeti ya sodiamu na ndugu yake lauri salfeti, ambazo huondoa mafuta kwa nguvu. Lalamiko hilo lina ukweli kwa nywele zetu, lakini dawa yake ni nyepesi kuliko kuacha kila kitu: chagua isiyo na salfeti, au izimue ile uliyo nayo kwa maji, kijiko kimoja katika kikombe, na uipake kwenye ngozi ya kichwa peke yake. Povu linaloteremka wakati wa kusuuza linatosha kabisa kwa nywele zenyewe.

Mafundisho mengi ya kuacha shampuu yalianzishwa na watu wenye nywele zilizonyooka, ambao walikuwa wakiziosha kila siku. Kwao mafuta yanayotolewa na tezi za ngozi huteremka kwenye unywele kwa urahisi na kuufunika hadi nchani, kwa hiyo shida yao ni nywele kulowa mafuta. Unywele wetu hujisokota, na kila kona ya msokoto ni kizuizi; mafuta hubaki kwenye shina, nazo ncha hukauka. Mtu wa kwetu anayesuka mistari na kuosha kichwa kila baada ya wiki mbili hakuwa na tatizo lile ambalo mafundisho hayo yalikuja kulitatua. Husemwa pia kwamba ukiacha shampuu ngozi "hujirekebisha" baada ya wiki kadhaa na kupunguza mafuta. Kiasi cha mafuta kinachotolewa na tezi hizo huongozwa hasa na homoni, na kwa hiyo sioni sababu ya kumwambia mtu avumilie kichwa kinachowasha kwa mwezi mzima akingoja marekebisho.

Kichwa kinachowasha kinaleta suala la mba, na hapa makosa ni mengi. Mba huhusishwa na kuvu jamii ya hamira, Malassezia, ambaye huishi kwenye ngozi ya kila mtu na hula mafuta ya ngozi. Mafuta mengi ya mimea ni chakula chake pia. Mama anayeona mba kichwani mwa mtoto, akadhani ni ukavu, akapaka mafuta ya nazi au ya mzeituni kwenye ngozi kila jioni, anamlisha yule anayetaka kumwondoa. Mafuta yana kazi yake, lakini mahali pake ni kwenye urefu wa unywele. Mafuta ya nazi hasa yana sifa ambayo mafuta mengi hayana: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba huingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, ilhali mafuta ya alizeti na yale ya petroli hayakufanya hivyo. Kwa hiyo ni bora kuyapaka kidogo kabla ya kuosha kuliko baada yake. Mafuta ya parachichi, ya mbarika na siagi ya shea hufunika unywele kwa nje na kuzuia unyevu usitoke. Hayo ni mema pia, na mtu hahitaji yote manne.

Kuhusu shubiri, bamia, mbegu za kitani na vitu vingine vyenye ute, sina ubishi: ute huo hufanya chanuo liteleze, na anayekula mrenda anajua utelezi ni nini. Tatizo ni kuuhifadhi. Mpwa wangu alikuwa na chupa ya ute wa shubiri dirishani, na nilipoifungua niliona madoa meusi madogo yakielea karibu na kifuniko, yakiwa na harufu kama ya nguo iliyolala na unyevu. Kitu chochote chenye maji na chakula cha mimea huota kuvu na bakteria kwa siku chache katika joto letu. Vihifadhi vinavyowekwa viwandani, ambavyo tunavikimbia, viko humo kwa ajili ya kuzuia jambo hilo. Anayetaka kutumia shubiri bila vihifadhi akate jani siku anayooga, atumie, na mabaki ayatupe.

Nje ya nywele, mambo mawili nitayagusa tu. Wanaopaka ndimu makwapani badala ya manukato ya dukani wajue kwamba juisi ya ndimu kwenye ngozi, ikipigwa na jua, inaweza kuleta malengelenge na madoa meusi yanayokaa kwa wiki nyingi. Kwapa huenda likafichika, lakini juisi hufika mikononi na shingoni, na jua la Kisumu halichagui. Shabu, lile jiwe linalofanana na chumvi ya mawe, ambayo wazee wa pwani wameitumia tangu zamani, ni salama kuliko hiyo. La pili ni dawa ya meno isiyo na floraidi, ambayo sasa inatangazwa kama chaguo la asili. Kwa Nakuru suala hili lina sura yake. Visima vyetu vingi vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, ambayo ndiyo kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na madoa ya kahawia tunayoyaona kwenye meno ya watu wa hapa yalitokana na maji waliyokunywa wakiwa wadogo, meno yakiwa bado yanaumbika ndani ya ufizi. Kinga ya madoa hayo ni kubadilisha maji ya kunywa, kwa mvua au kwa vichujio vya makaa ya mifupa kama vile ambavyo Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza kutengeneza miaka mingi iliyopita. Dawa ya meno ambayo mtoto huitema, kiasi cha punje ya mchele akiwa chini ya miaka mitatu, inabaki kuwa kinga ya meno kuoza. Wa Kisumu, ambaye maji yake ya ziwa hayana floraidi nyingi, ana sababu chache zaidi za kuiacha.

Asili ina nguvu, na hilo ndilo nililotaka mpwa wangu alione. Katika milima ya Afrika Mashariki na Ethiopia huota mmea uitwao endodi, ambao matunda yake hutoa povu na yametumika kama sabuni tangu kale. Mwaka 1964 mwanasayansi wa Ethiopia, Aklilu Lemma, aligundua kwamba pale wanawake walipofulia kwa endodi mtoni, konokono walikufa, na konokono hao ndio wanaobeba minyoo wa kichocho. Povu la mmea linaloua konokono na samaki ni lilelile linalosafisha nguo, na likiingia jichoni huwasha vikali. Na kwa kuwa nimetaja kichocho, niseme pia kwamba kuoga na kuosha nywele ukingoni mwa Ziwa Victoria, hata kwa sabuni safi kuliko zote, ni kuwapa minyoo hao nafasi ya kupenya ngozi.

Kuna hali moja ambayo haitibiki nyumbani. Mashilingi, yale mabaka ya mviringo yasiyo na nywele kwenye vichwa vya watoto wa shule, ni kuvu aliyeingia ndani ya shina la unywele. Siki haimfikii, wala majivu, wala mafuta ya taa ambayo bado nasikia watu wakiyapaka. Huhitaji dawa ya kumeza, kwa kawaida kwa wiki 6 hadi 8, na mashine ya kinyozi isafishwe kabla ya kumgusa mtoto mwingine.

Mpwa wangu sasa anatumia vitu vitatu. Usiku wa Ijumaa hupaka mafuta ya nazi kidogo kwenye urefu wa nywele. Jumamosi, kila baada ya wiki mbili, huosha ngozi ya kichwa kwa shampuu iliyozimuliwa, kwa maji ya mvua yakiwapo. Yasipokuwapo, humalizia kwa kijiko kimoja kikubwa cha siki katika nusu lita ya maji, ili kuishusha alkali ya kisima na kuyalaza magamba. Huchana zikiwa zimelowa na zina utelezi, akianzia nchani kuelekea shinani, kisha husuka mistari isiyobana mpaka ngozi ya paji la uso ivutike. Nywele kama zetu hukua chini ya sentimita moja kwa mwezi, na zile zilizokatika zitachukua muda kufikia zenzake. Juzi alikuja tena na gazeti lake, akalikunjua mezani. Mlikuwa na nywele sita, na tano kati yake zilikuwa na kidoa cheupe cha shina, zimedondoka zenyewe kwa wakati wake.